Kwa Nini Nilikataa Sakafu ya Shaba

Ndugu zangu wa garaji,

Najua mlisikitika siku mliponiaga. Mlikuwa mmekwisha kupima camionnette yangu, ile gari ndogo ya mizigo, nzee, ambayo sakafu yake imetoboka mpaka unaona barabara ikipita chini ya miguu, na mkasema mtaiwekea sakafu ya shaba, kama ile ambayo wazee wenu walimpa Baba Kalenga. Habari ya sakafu ile mmeisikia wote. Imekuwa sifa ya garaji yetu. Mimi nikasema hapana, asante, na sikutoa sababu. Mmoja wenu akasema kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado mazima, kwamba muzee anajivuna. Simlaumu. Mtu akikataa zawadi bila kusema kwa nini, watu watamtafutia sababu wenyewe.

Naandika ili niwape sababu. Nilisoma kidogo tu, kwa mapadri, na kazi yangu imekuwa ya nyundo, kwa hiyo msitafute maneno mazuri hapa. Tena mimi ni mtu wa kusitasita: jambo nikilisema jioni, asubuhi naanza kujiuliza kama kweli lilikuwa hivyo. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema sina hakika.

Niliingia garajini miaka ile ya mwanzo, serikali ilipokuwa imetoka kuchukua migodi mikononi mwa Wazungu. Nilitaka kuwa fundi wa injini. Waliniambia kule kumejaa, nenda kwa watu wa bati. Nilikwenda nimenuna, maana katika mji wetu fundi wa injini alisalimiwa kama daktari, na fundi wa bati alisalimiwa kama mtu mwenye kelele. Baba Kalenga, aliyekuwa mkubwa wa sehemu ile, hakunisalimia kabisa. Alikuwa Muluba mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Aliniwekea mbele mlango wa lori uliopakwa rangi vizuri, akanipa nyundo, akanigeuzia upande wa mpini.

"Funga macho," akasema. "Gonga. Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia mlango.

"Mulango haina na sauti. Chuma njo iko na sauti. Gonga tena."

Niligonga asubuhi nzima, na wale wa injini walipita wakicheka. Karibu na bawaba chuma kilijibu ngii. Chini, pale rangi ilipong'aa kuliko pengine pote, kilisema pu, kama mtu anayejibu akiwa na chakula kinywani. Baba Kalenga akachukua bisibisi akaisukuma pale pale, ikaingia kama kwenye mkate. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na mpaka leo sijapata lingine kubwa kuliko hilo: kutu haianzi pale unapoiona. Inapochomoza kwenye rangi imekwisha kukaa ndani siku nyingi, imekula, imelala, imezaa. Macho yanapenda rangi. Sikio halina habari nayo.

Chombo chake alichokipenda ni fuawe ndogo aliyoikata mwenyewe kwenye kipande cha reli, ile unayoishika kwa mkono wa kushoto nyuma ya bati huku nyundo ikipiga mbele. Ilikuwa imelainika kwa jasho lake mpaka ikafanana na kitu cha kuliwa. Kabatini kulikuwa na fuawe nyingine zilizoletwa kutoka Ulaya, zinang'aa. Hizo alizitumia kuzuia milango isifungwe na upepo. Nataka niwe wa haki: zile za Ulaya zilikuwa nzuri pia. Nilizitumia baadaye, hazikunikosea chochote.

Sasa habari ya kutu yenyewe. Hapa mjini kwetu Likasi tuna kutu za aina mbili. Ya kwanza ni ya mvua, ambayo kila mji unayo. Matope mekundu yanajibana juu ya magurudumu na chini ya milango, yanashika maji kama sifongo, na bati linaoza taratibu. Dawa yake ni kupunguza uvivu kidogo tu: chukua kijiti, zibua vile vitundu vya chini ya mlango ili maji yatoke. Nimekata milango mingi iliyokufa kwa sababu ya kitundu kimoja kilichozibwa na udongo. Aina ya pili ni ya asidi. Gari lililofanya kazi kwenye kiwanda cha asidi, au lililobeba zile chupa kubwa za asidi zilizosukiwa vikapu vya fito, hata uliosheje, asidi inabaki kwenye mikunjo ya bati inangoja. Kiangazi chote inalala. Mvua ya kwanza ikinyesha, inaamka. Gari kama hilo tuliliosha kwa maji ya magadi, tukakata mpaka chuma kijibu ngii, tukapaka minium, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ndani na nje. Mwisho tulipuliza mafuta machafu ya injini ndani ya mikunjo yote, kisha dereva akalipeleka mbio barabara ya Kamatanda na kurudi. Vumbi linashikana na mafuta na kuwa ganda kama la mkate. Ganda hilo hakuna mvua inayolipenya. Madereva walichukia, maana nguo zao nazo zilipata ganda.

Miaka ikapita. Tukaambiwa tuache majina yetu ya ubatizo, tukawa citoyen, yaani mwananchi, huyu na citoyen yule. Kutu haikubadilisha jina. Kisha bei ya shaba ikaanguka huko inakouzwa, na bati la chuma tuliloagiza likawa halifiki. Tulianza kukata mapipa ya mafuta, kuyanyoosha, na kuyashona kwa chalumeau, ule moto wa gesi wa kuunga chuma, kwenye magari. Bati la pipa ni gumu, lina mbavu, halipendi kuwa gari. Lakini ni chuma, na chuma kinapokea chuma. Mlikumbuke neno hilo, nitalirudia.

Desturi ya saini mnaijua. Fundi wa bati hasaini kazi yake, kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri haionekani. Anasaini mara moja tu, mwenzake anapostaafu: wote wa garaji wanamtengenezea kitu kwa mikono yao, na kila mmoja anapiga jina lake juu yake kwa zile herufi za chuma. Wa kwanza niliyemwona alipewa sanduku la zana. Mwingine alipewa mlango wa nyumba, mzito mpaka wakashindwa kuusimamisha, na nasikia bado umelala ukutani kwake.

Zamu ya Baba Kalenga ilipofika, Kampani ya migodi, yenye garaji yetu, ilimwachia camionnette iliyokuwa ikitumika kiwanda cha asidi. Kila mtu alijua maana ya gari lile kwake. Nyumba ya kambi unairudisha ukiacha kazi. Alikuwa amejenga vyumba viwili vya matofali nje ya mji, bado bila dari. Mdogo wake alilima kabeji na mahindi upande wa Mulungwishi. Mpango wake ulikuwa ni huo tu, hapakuwa na wa pili: kuleta mazao sokoni Likasi, kwenda na kurudi, mpaka Mungu amwite. Mkewe, Mama Ngoie, alikuwa amekwisha kusema na wanawake wa soko juu ya nafasi ya kuuzia. Gari likiwa zima, wanaishi. Injini ilikuwa nzima. Sakafu ndiyo ilikuwa imeoza, na mbavu za chini zimeanza kuguswa.

Wazo la shaba lilikuwa la chef wetu, mkubwa wa garaji nzima, citoyen Mutombo. Sisemi hivyo kumshitaki. Alikuwa mtu wa moyo mzuri, na alipolisema sote tulifurahi, mimi kuliko wengi. Alisema Baba Kalenga hawezi kuaga kwa bati la pipa. Mtu aliyekula ujana wake kwa ajili ya shaba, na aikanyage. Tena shaba haipati kutu. Mtoto wa Likasi anajua hivyo kabla hajajua kunawa. Kiwandani kulikuwa na mabamba membamba ya shaba yaliyotoka yamepinda, ya kurudishwa motoni. Chef aliyaomba. Aliniambia aliyaomba kwa njia ya haki. Karatasi sikuiona, lakini hakuwa mtu wa uongo.

Mmoja tu alisitasita, naye ni Papa Saidi, mpaka rangi wetu. Mnamjua, Mwislamu wa kutoka Kalemie, baba yake alikuwa akitengeneza mashua za chuma kule ziwani. Alikuja akatazama mabamba, akatazama mbavu za gari, akavuta ndevu.

"Kwetu ku ziwa," akasema, "ukitia musumari moya ya shaba mu mashua ya chuma, ile chuma ya pembeni inakulwa. Baba alikuwa anasema bile bintu bibili habikae nyumba moya."

Chef akamwambia kwamba hapa hatuko majini.

"Na mvua ya Likasi," akasema Papa Saidi, "iko mukavu?"

Tulicheka sana. Mmoja akamuuliza kama kule kwao hata samaki wanapata kutu. Naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, na hakusema tena. Nimefikiri mara nyingi kwa nini hakusisitiza. Nadhani aliona ni zawadi, na watu wamekwisha kufurahi, na si vizuri kumwaga maji kwenye sahani ya mwenzako. Alichoweza alifanya: alipaka minium nyingi kati ya shaba na chuma, mara mbili. Lakini riveti, ile misumari ya kubana mabamba, zilipita katikati ya rangi ile, na riveti zilikuwa za shaba pia.

Kazi ile sijaona nyingine kama hiyo. Shaba ni laini, inakwenda unakoipeleka, haibishani. Tulipiga sakafu na pande mbili za ndani, tukakunja kingo, na katikati, mahali pa miguu ya dereva, tuliweka bamba moja lenye majina yetu. Siku ya kumuaga, Baba Kalenga alifungua mlango akatazama. Akavua viatu, akavishika mkononi, ndipo akapanda. Akaliendesha gari mpaka nje ya mlango mkubwa miguu mitupu, na Mama Ngoie kando yake anacheka na kulia, akituambia, "Muliona? Tangu lelo hatavaa tena kiatu, mulimuharibisha."

Mvua za kwanza alipita mara nyingi. Alipiga honi mbele ya garaji, akashusha kabeji mbili tatu, akatukemea kwa kelele zetu kana kwamba yeye hakuwa akipiga bati. Mvua zilizofuata akaacha kupita. Tulisikia kwamba ameliweka gari, haliendeshi tena, macho yake hayaoni vizuri barabarani. Tulimsikitikia. Wengine walisema ni heri mtu ajue mwenyewe wakati wa kuacha.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja baada ya misa. Nilimkuta barazani anasoma gazeti. Alilisoma bila miwani, na kwa umbali ambao mimi nisingeweza. Alipoona nimeona, akalikunja taratibu.

"Basi kuya," akasema. "Unajua kugonga."

Camionnette ilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya matofali, chini ya turubai. Akanipa nyundo kwa upande wa mpini, kama siku ya kwanza. Niligonga shaba, ikajibu sauti ndefu ya chini, nzima kabisa. Nikagonga chuma kando yake. Pu. Nikaenda mbali kidogo. Pu. Mbavu, nguzo za milango, kingo zote zilizogusana na shaba, pu, pu, pu. Pale riveti ilipopita, tundu lilikuwa limekua mpaka riveti inacheza ndani yake kama jino la mtoto. Shaba ilikuwa imekaa pale kama mgeni aliyemaliza chakula cha mwenye nyumba.

Mama Ngoie ndiye aliyenisimulia. Kwenye mteremko wa barabara ya Mulungwishi, gari likiwa limejaa mahindi, sakafu nzima ilitoka mahali pake na kushuka barabarani, pamoja na miguu ya muzee. Alisimamisha kwa breki ya mkono. Hakuumia. Mahindi yaliokotwa na watu. Tangu siku hiyo Mama Ngoie alikaanga mandazi na muzee alirekebisha masufuria ya majirani kwa ile fuawe ya reli.

Nikamwambia Baba Kalenga nitakuja na chalumeau, tutakata shaba yote, tutaweka bati la pipa. Nilisema haraka haraka, nadhani, kama mtu anayetaka kufika kabla ya jambo kutokea.

"Utashona pipa ku nini?" akaniuliza. "Ile moto inalomba chuma ya kushikia. Hapa hakuna tena."

Ilikuwa kweli. Tungekuwa tumeweka pipa tangu mwanzo, lingeshikana na zile mbavu, na lingeoza kidogo kidogo, na tungelikata na kuweka lingine. Kiraka kibaya cha jamii moja na nguo kinadumu. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

"Ningebaambia nini? Asante bana, zawadi yenu inakula motokari?" Akacheka kidogo. "Sikiliza. Beko batumishi bazuri. Balipiga ile shaba na roho yote, hata weye. Muntu akijua kazi yake ya roho yote njo iliharibisha, kesho mukono yake itaogopa. Mufundi wa mukono ya kuogopa haiko mufundi. Usibaambie."

"Na weye, Baba? Unakaa namna gani?"

"Miye niko na macho mabaya," akasema, na akafungua gazeti tena.

Sikuwaambia. Kila mara chef Mutombo alipowaonyesha wageni garaji kwa mkono na kusema, sisi ndio tuliompa mzee wetu sakafu ya shaba, mimi nilitazama chini. Sijui kama nilifanya vizuri. Siku nyingine naona nilitii, siku nyingine naona ningeweza angalau kumnong'oneza Papa Saidi kwamba baba yake alisema kweli. Yeye alijua bila kuambiwa. Alikuja kuniambia hivyo kwenye msiba.

Maana Baba Kalenga alikufa kabla ya mvua kurudi mara nyingi. Mama Ngoie alitaka jambo moja: lile bamba lenye majina liwekwe kaburini, kwenye msalaba wa saruji. Alisema muzee alikuwa akilifuta kwa kitambaa Jumamosi jioni, na akilisoma majina kwa kidole. Tatizo mnaliona wenyewe. Mji wetu si mji wa kuacha bamba la shaba nje usiku mmoja, hata mbele ya marehemu. Wengine wakasema lifichwe nyumbani. Papa Saidi akasema tumwachie yeye.

Alilipaka minium, kisha juu yake rangi ya udongo, akaichafua kwa sifongo, akaongeza madoadoa ya hudhurungi, taratibu, ulimi nje. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuficha kutu. Siku ile alichora kutu kwenye kitu kisichojua kutu. Alipomaliza, lilikuwa bati la pipa lililooza, ambalo mwizi mwenye akili hawezi kuinama kuliokota. Kila mwaka, siku ya kuwaombea wafu, Wakristo tunapong'oa majani makaburini, yeye Mwislamu anakuja na burashi yake na kopo lake, na tunalipaka upya pamoja. Watu wa makaburi ya jirani hututazama kwa huruma. Mama mmoja aliniambia, "Baba, hata mulishindwa kumupatia muzee wenu kintu ya muzuri?" Nilimjibu kwamba ndiyo, tulishindwa. Sikuona kwamba namdanganya.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Wale wenye majina kwenye bamba lile, karibu wote wamekwisha kwenda, chef Mutombo naye; mikono yao haiwezi tena kuogopa. Yenu ndiyo ilikuwa inataka kuanza kazi ile ile ya shaba. Nimevunja neno la Baba Kalenga, na nikionana naye atanihukumu yeye. Camionnette yangu bado ina tundu sakafuni. Mkitaka bado kunipa kitu, nileteeni bati la pipa, hata lenye maandishi ya mafuta, na mpige majina yenu juu yake. Litaoza pamoja na gari, kwa mwendo mmoja. Nitafurahi kuliko mnavyodhani.

Na mkipita makaburini, upande wa ukuta, mtaona kwenye msalaba mmoja bati baya, lina rangi ya kutu. Msilikwaruze, na msimwambie mtu. Gongeni kidogo tu kwa mpini wa nyundo, mkiwa mmefumba macho.